Haki ya Kukaa Benchi

Habari za kifo chake zilinifikia Jumapili, saa ambayo watu wa mtaa wa Bertrams wanatoka kanisani na barabara inajaa suti, vitenge na watoto wanaodai aiskrimu. Zilikuja kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa msichana anayemsaidia kazi saluni: "Dada, Mama ametuacha leo alfajiri. Kesho usije, nitakupigia." Nilikuwa nimeahidiwa kusukwa Jumatatu, na huyo msichana, katikati ya msiba wake, alikumbuka kwamba kuna mteja atakayekuta mlango umefungwa. Malezi ya namna hiyo hayapatikani kwa bahati. Marehemu alikuwa ameugua kifua kwa muda mfupi, akalazwa, akaonekana kupata nafuu, kisha hakurudi. Kama ilivyo kawaida ya safu hii sitamtaja jina. Alikuwa msusi, mzaliwa wa Bukavu, mkazi wa jiji hili kwa zaidi ya nusu ya maisha yake, na shabiki wa timu ya mpira wa miguu ya chuo kikuu kimoja cha hapa Johannesburg, chuo ambacho hakuwahi kuketi katika darasa lake hata moja.

Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mtaa wa pili kutoka barabara inayoelekea uwanja mkubwa. Siku za mechi kubwa, wakati umati unapita mlangoni na vuvuzela zake, yeye alifunga dirisha na kuendelea kusuka. Timu za watu wenye mishahara hazikumhusu. Aliyemhusu alikuwa mtoto wa dada yake, aliyemlea tangu hajaota meno, ambaye sasa anasoma uhandisi katika chuo hicho na kuvaa jezi namba kumi ya timu yake. Kwa ajili ya kijana huyo saluni ile iligeuka kuwa baraza la mpira. Mechi za ligi ya vyuo huchezwa katikati ya wiki, na kila Jumamosi mchana wanaume waliingia na viti vyao vya plastiki, wakaketi kando ya vioo, kati ya mafurushi ya nywele za bandia, na kuanza kuichambua timu. Wawili hawakukosa: Mrundi mmoja wa makamo anayelinda maduka kule Kensington, ambaye Wakongomani wote walimwita Papa kwa heshima ya umri wake, na fundi wa simu kutoka Tanga, mwepesi wa ulimi, ambaye hajawahi kupiga mpira maishani lakini ana maoni kuhusu kila pasi.

Kilichoifanya saluni ile isifanane na baraza lolote nililowahi kulijua ni utaratibu wake wa kuamua ubishi. Mteja aliyekaa kwenye kiti cha kusukwa ndiye aliyekuwa hakimu. Awe mwanafunzi, muuza nguo au mke wa mchungaji, awe anaujua mpira au haujui, akishakaa na kichwa chake kikashikwa alikuwa amekabidhiwa mamlaka. Sababu aliyoitoa marehemu ilikuwa ya kikazi kabisa. Mtu anayesukwa ameinamishwa kichwa. Haoni uso wa anayesema, haoni nani amekunja ngumi na nani anatabasamu, hawezi kumkonyeza rafiki yake, na kwa saa kadhaa hana pa kwenda. "Huyu anasikia tu," alikuwa akisema. "Ninyi wengine munasikia na macho." Wanaume walilalamika mwanzoni, hasa pale mama mmoja muuza dagaa alipoamua kwamba kipa alikuwa na makosa kwa sababu sauti ya aliyemtetea ilikuwa ya mtu anayedanganya. Lakini waliuzoea utaratibu ule, na nina hakika uliwafundisha kupanga hoja, kwa kuwa mbele ya hakimu asiyekuona huwezi kushinda kwa mikono wala kwa ukubwa wa kifua.

Utaratibu huo ulikuwa na sharti moja alilojiwekea mwenyewe: mikono haina timu. Hakimu akiamua lisilomfurahisha msusi, chanuo halitaongeza nguvu. Kila aliyewahi kusukwa anajua uzito wa ahadi hiyo. Nimekaa kwenye kile kiti mara nyingi, nimetoa hukumu zilizomchukiza, na ninashuhudia kwamba ngozi ya kichwa changu haikuwahi kuadhibiwa. Mdomo wake ulikuwa jambo jingine. Alikuwa mkali, alipenda kumkatiza mtu, na sheria ya kuotea hakuielewa mpaka mwisho wa maisha yake. Kwa maoni yake mshambuliaji aliyetangulia mbele alistahili zawadi kwa bidii. Aliamini pia kwamba waamuzi wenye upara wanaionea timu yake, na alipoonyeshwa mwenye upara aliyeipa timu penalti ya haki alijibu kwamba huyo alinyoa, hakuzaliwa hivyo. Simpambi. Namkumbuka jinsi alivyokuwa, na jinsi alivyokuwa inanitosha.

Jumamosi ninayotaka kuwasimulia ilikuja wakati mbaya. Timu ilikuwa imepoteza mechi zake za karibuni mfululizo, na namna ilivyopoteza iliuma zaidi ya matokeo. Namba kumi, ambaye kazi yake ni kupokea mpira katikati na kuamua uende wapi, alikuwa anaamua kwa kuchelewa. Pasi zilimfikia mtu ambaye tayari amezungukwa. Alikuwa hapigi tena kwa mguu wa kulia isipokuwa alazimike. Kwenye benchi alikuwapo kijana mwingine wa nafasi ileile, mzaliwa wa kitongoji cha Alexandra, mwembamba, mwenye haraka, ambaye kila alipoingizwa dakika za mwisho timu ilipumua. Jukwaani mashabiki walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wanafunzi wengi walitaka yule wa Alexandra aanze. Watu wetu, yaani Wakongomani, Warundi, Watanzania na Wakenya wanaojaza kona moja ya jukwaa kwa ajili ya mtoto wa Bertrams, waliyasikia madai hayo kwa masikio ya watu wanaojua kufukuzwa kunavyoanza. Kwao suala halikuwa pasi.

Nilikuwa kwenye kiti, nimeinama, kidevu kifuani, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa na nusu imesimama kama kichaka. Fundi wa simu ndiye aliyefungua mjadala.

"Mimi nasema ukweli, na Mama anisamehe. Namba kumi wetu apumzike. Mechi mbili tu. Aingie yule dogo wa Alex."

"Wewe nani amekutuma?" Papa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, na hiyo ilikuwa dalili mbaya. "Kesho watasema na golikipa apumzike kwa sababu mama yake Mkenya."

"Mzee, golikipa ni Msutu."

"Natoa mfano. Nyie watoto wa Tanga mmekuja juzi, hamjui. Hapa ukiondolewa kwenye kitu, hurudi. Wanaanza na maneno mazuri: pumzika kidogo, mpishe mwenzio. Mimi nimepumzishwa kazi tatu kwa maneno hayohayo."

"Lakini mpira hautembei, Mzee. Juzi alipoteza mipira mpaka nikaona aibu kuvaa skafu kwenye taksi."

"Vua skafu. Nani amekushika?"

Watu walicheka, hata mimi, na marehemu akanigonga kwa kitana begani kunikumbusha kwamba hakimu hacheki. Kisha Papa akasema jambo lililozima kicheko. Alimgeukia marehemu, hilo nililijua kwa sababu sauti ilinikaribia. "Na wewe, Mama. Mwaka ule walipotufukuza wageni, tulikuwa wote kwenye yale mahema. Uliondoka Alexandra na mtoto mgongoni na nguo za mwilini. Mashine yako ya kukausha nywele uliiona mtaani, imebebwa na jirani. Leo umshangilie mtoto wa Alex achukue nafasi ya mtoto uliyembeba?"

Mikono ya marehemu iliendelea kusuka. Alichukua uzi mwingine wa nywele, akaugawanya, akaunganisha, na ndipo akajibu, kwa Kiswahili chake cha Kivu ambacho hakuwahi kukificha mbele ya mtu yeyote.

"Papa, ile mwaka huyu mutoto wa Alex alikuwa na miaka ngapi?"

"Nitajuaje?"

"Anasoma na wangu, banalingana. Basi naye alikuwa mugongoni ya mama yake. Haiko yeye alinifukuza." Akanigeuza kichwa kidogo. "Hakimu, umewasikia. Toa hukumu."

Nilikuwa najua ninachofikiri, na nilijua kichwa changu kiko mikononi mwa nani. Nilisema kwamba hoja ya Papa ni ya kweli kuhusu nchi lakini haijajibu swali kuhusu mechi. Kwamba namba kumi hachezi vizuri na kila mtu aliyekuwa uwanjani ameliona hilo. Na kwamba yule wa Alexandra aanze mechi ijayo. Nilisubiri. Mstari wa nywele uliokuwa unasukwa ulifika kisogoni kwa nguvu ileile uliyoanzia kwenye paji la uso. "Imeandikwa," alisema, kama alivyosema baada ya kila hukumu, na mtu akaagiza soda.

Chupa hazijafunguliwa, mlango ukasukumwa na kijana mwenyewe akaingia, ametoka mazoezini, begi begani. Ghafla saluni nzima ikawa ya watu wengine. "Namba kumi wetu," alisema fundi wa simu, kwa sauti ya mtu anayempokea bwana harusi. "Bahati mbaya tu, kaka, mpira ulidunda vibaya. Nyasi gani zile?" Papa alisema kwamba mabeki ndio wanaomwangusha. Mwingine akasema refa. Kijana alijibu "sharp, sharp," kama wanavyojibu vijana waliozaliwa au kukulia hapa wanapotaka mazungumzo yaishe.

Marehemu alisimamisha chanuo. "Yale mulisema mbele ya yeye kuingia, museme tena."

Fundi wa simu akaanza kufungua soda yake.

"Nyuma yake munasema ya kweli, mbele yake munasema ya tamu. Sasa huyu mutoto atajifunzia wapi? Hakimu, rudilia hukumu yako."

Nikairudia. Nadhani ndiyo kauli ngumu kuliko zote nilizowahi kutoa mbele ya watu, na niliitoa nikiwa siwezi hata kumtazama ninayemwambia, kwa sababu kichwa changu kilikuwa kimeinamishwa hadi nikawa naona sakafu tu: vipande vya nywele, kizibo cha chupa, na viatu vyake. Hapo ndipo nilipoona. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimefungwa kamba vizuri hadi juu. Cha kulia kilikuwa wazi, ulimi umevutwa nje, kamba zimelegezwa mpaka vidoleni, na soksi imetuna juu ya kifundo kama inaficha kitu. Nilimaliza hukumu kisha nikauliza, bila kujua ninauliza nini, mbona kiatu cha kulia hakijafungwa.

"Eish," alisema kijana. Aliurudisha mguu nyuma. Kisha akasema kwamba mguu una shida tangu mechi ya kwanza waliyofungwa.

Aliyosema baadaye aliyasema kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kiswahili cha nyumbani, nami nayaandika hapa kwa lugha ya safu hii. Alisema kwamba akimwambia kocha anaumwa, kocha atamkalisha benchi. Akikalishwa, watu wa Bertrams watasema amekalishwa kwa ajili ya jina lake. Watakuja uwanjani na hasira. Na yule wa Alexandra, ambaye ni rafiki yake, anayekula naye na kufanya naye mazoezi, atazomewa na haohao wa Bertrams. "Kwa hiyo nafunga bandeji, nacheza," alisema.

"Lakini mwanangu, sisi tulikuwa tunakutetea," alisema Papa.

"Najua, Mzee. Ndiyo maana sikuweza kukaa."

Mikono iliyokuwa kichwani mwangu iliondoka. Marehemu alipiga magoti mbele ya mtoto wake, akamvua kiatu, akaishusha soksi. Kutoka pale nilipokuwa niliona kifundo kilichovimba hadi kupoteza umbo, na ile mikono yenye mafuta ya nywele ikikizunguka. Hakukikanda. Alikishika tu. "Unalala chumba cha pili na mi," alisema, "na sikujua." Hakukuwa na lawama katika maneno hayo, ulikuwa mshangao wa mtu aliyejiamini kwamba katika nyumba yake mambo husemwa. Kisha akamwambia kitu ambacho nimekifikiria mara nyingi tangu siku hiyo. Alimwambia aende kwa kocha kama anataka. Kama hataki, acheze. "Lakini ujue unacheza ya weye. Haiko ya sisi."

Alirudi kunimalizia. Mistari ya upande wa kushoto wa kichwa changu ilitoka imepinda. Niliivaa hivyo wiki zote zilizofuata, na walioniuliza niliwaambia ndivyo nilivyotaka.

Kijana alimwambia kocha. Yule wa Alexandra alianza mechi iliyofuata, na nilikuwapo jukwaani katika ile kona yetu, ambayo siku hiyo ilikuwa na baridi isiyotokana na hewa. Mvulana alipogusa mpira wa kwanza, watu wetu walikunja mikono. Marehemu alisimama, mwanamke mfupi mwenye koti refu, akapiga makofi peke yake, kwa mdundo, kama anavyopigiwa mtoto anayejifunza kucheza ngoma. Alipiga mpaka msichana wake wa kazi akaungana naye, kisha mimi, kisha wachache. Papa hakupiga. Mechi iliisha sare, tena sare isiyopendeza. Jioni ile kwenye kundi letu la simu marehemu aliitwa msaliti, na kuna aliyeandika kwamba amesahau alikotoka. Wateja kadhaa walihamia saluni nyingine. Mke wa mchungaji mmoja, niliyemheshimu, alikuwa miongoni mwao. Nilipomwuliza marehemu kama haogopi, alijibu huku anapanga vitana: "Nywele haina hasira, dada. Inaota tu. Batarudi." Wengi walirudi. Mke wa mchungaji hakurudi, na marehemu aliendelea kumsalimu barabarani kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nimejiuliza kwa nini tukio dogo namna hii, la kifundo cha mguu na timu ya wanafunzi, limekaa nami kuliko mambo makubwa niliyoyaandika. Sidhani kwamba Papa alikuwa mjinga, na sitaki msomaji amfikirie hivyo. Shaka yake ilijengwa na maisha. Mtu aliyeona majirani wakibeba vitu vyake anajifunza kusoma nia katika kila mlango unaofungwa, na mara nyingi anasoma sawasawa. Wapo watoto wetu wanaokalishwa benchi kwa sababu ya majina yao, katika michezo, kazini, na kwenye foleni za ofisi ambazo kila mmoja wetu anazijua. Lakini kuonewa kuna matokeo ambayo hatuyazungumzi. Kunatufanya tuhitaji ushindi kupita kiasi. Kwa kuwa sisi wenyewe hatusikilizwi, tunamchagua mmoja aliye mbele, mwenye kipaji, mwenye sauti ya hapa, tunamkabidhi heshima yetu yote aibebe. Kisha tunashangaa akichechemea. Tunamwita wetu. Neno hilo ni tamu kulitamka, lakini aliyeitwa hivyo mara nyingi hapewi nafasi ya kujibu. Anayeonewa na adui anaweza kulalamika kwa ndugu zake. Anayeelemewa na mapenzi ya ndugu zake atalalamika kwa nani?

Wanafunzi wengi wanaosoma safu hii wananielewa bila maelezo zaidi. Wapo waliochagua masomo ambayo hawayapendi kwa sababu mtaa mzima ulikwisha kuwaita daktari. Wapo wanaoshindwa mtihani na kuficha, kwa kuwa kushindwa kwao kutasomwa kuwa kushindwa kwa ukoo, kwa kanisa, kwa nchi iliyoachwa nyuma. Nimeishi nao mabwenini. Marehemu hakuwa na nadharia kuhusu jambo hili, na siku aliyogundua kwamba mtoto wake amekuwa akicheza akiumwa, hakuwa amejua zaidi ya sisi wengine. Nilichokistahi kwake ni kwamba, mara alipojua, hakujaribu kulibeba tena jambo lile kwa niaba yake. Angeweza kumkataza asicheze. Alikuwa mama, na sote tungempongeza. Alimwachia. Kwa mwanamke aliyemtoa mtoto yuleyule katikati ya fujo akiwa amembeba mgongoni, naamini kumwachia atembee mwenyewe kulikuwa kazi nzito kuliko ile ya kwanza.

Tulimzika Jumatano. Baada ya makaburini tulikusanyika katika ukumbi wa kanisa Kensington, wali na maharage vikapikwa, na wanawake waliosukwa naye kwa miaka walikaa safu kwa safu, vichwa vyao vikiwa vizuri kuliko vya ukumbi wowote mjini. Mpwa wake aliketi mbele na suti ya kuazima. Kifundo chake kilikuwa kimepona mwaka jana, akarudi uwanjani, akacheza vizuri kwa msimu, na mwezi huu kimeanza tena kumsumbua. Yule wa Alexandra alikuwapo pia. Alikuwa akibeba viti na kugawa maji, na wazee wengi waliomshukuru hawakujua ni nani.

Kesho yake kulikuwa na mechi, na watu waliopanga foleni kumpa pole kijana yule walianza, mmoja baada ya mwingine, kumwambia jambo lilelile. Walimwambia kwa machozi na kwa nia njema. Kesho mfungie Mama. Kesho Mama anakuangalia. Mwanamke mmoja alimshika mashavu akamwambia asipocheza, roho ya mamake haitatulia. Fundi wa simu, ambaye siku zile alikuwa wa kwanza kusema apumzike, alimkumbatia na kumwambia, "Bao moja tu, kaka. La kwake." Kijana alikuwa akiitikia kwa kichwa, kila mmoja akamwitikia, na niliona namna mabega yake yanavyoshuka. Nilitaka kusema kitu. Nilitafuta maneno mazuri, na nilipokuwa bado nayatafuta, zamu ya Papa ikafika.

Papa alikuwa na sare yake ya kazi chini ya koti, kwa kuwa alikuwa anakwenda zamu. Hakumkumbatia. Alivuta kiti cha plastiki akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Mguu unasemaje?"

Kijana alitazama watu waliokuwa nyuma ya mzee. "Utakuwa sawa, Mzee. Kesho nacheza."

"Sikuuliza kesho. Nauliza mguu."

Kijana aliutazama mguu. "Bado," alisema.

"Basi kaa." Papa aligeuka akawatazama waliokuwa kwenye foleni, na akapaza sauti kidogo, bila ukali. "Muacheni mtoto akae. Marehemu hana haja ya bao. Mwenzake yupo, atacheza." Akanyanyua kidole kumwonyesha yule mwembamba aliyekuwa ameshika jagi la maji kule mwisho wa ukumbi, ambaye hakuelewa Kiswahili na akadhani anaitwa kuleta maji. Alikuja nalo. Papa alinyoosha kikombe chake, akamiminiwa, akamshukuru kwa Kizulu chake kibovu, akanywa yote pale mbele ya watu.

Kesho yake namba kumi alikaa benchi na suti ya mazoezi, mguu ameunyoosha. Tulifungwa. Tulifungwa kwa haki, na katika kona yetu ya jukwaa watu walibishana njia nzima kurudi nyumbani kuhusu mabeki, kuhusu kocha, kuhusu nani aanze wiki ijayo, na sikusikia mtu hata mmoja akiuliza nani ni mtoto wa wapi. Sijui kama hali hiyo itadumu. Nchi hii na sisi wenyewe tuna njia nyingi za kurudi nyuma. Lakini najua nilichojifunza kwa mwanamke yule. Tunawapenda watoto wetu kwa kuwasindikiza uwanjani, kwa kuimba majina yao, kwa kuwatetea wanapoonewa, na yote hayo ni mema. Mapenzi yanatimia pale mtoto anapoweza kutuambia kwamba leo hawezi, akarudi nyumbani, akapakuliwa chakula kama siku nyingine yoyote.